Mgonjwa Bado Ana Siku Yake

Ni nadra kuikuta familia ya pwani isiyokuwa na jamaa Nairobi aliyewahi kumpokea mgonjwa wa saratani. Kwa miaka mingi Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ndiyo iliyokuwa hospitali ya umma ya pekee nchini yenye mashine za tiba ya mionzi, na mtu wa Faza au wa Msambweni hakuwa na budi kupanda basi la usiku, akafikia kwa mwanawe, kwa mpwawe, au kwa mtu wa mtaa mmoja, akangoja zamu yake. Leo Mombasa nayo ina kituo chake cha saratani, lakini njia ile haijakatika. Wagonjwa bado wanakwenda, na wengi wao hufika maradhi yakiwa yamekwisha kuenea.

Kisha huja siku ambayo daktari huwaita jamaa pembeni, akawaeleza kuwa ugonjwa umehamia kwenye mifupa, au ini, au mapafu; kwamba dawa zitakazotolewa tangu hapo ni za kuupunguza mwendo na kumpa mgonjwa raha, si za kuung'oa. Mgonjwa hupewa tarehe ya kurudi, karatasi, na mfuko wa dawa. Anarudi nyumbani. Na nyumbani hapo ni orofa ya tatu Kangemi isiyo na lifti, au vyumba viwili Kawangware, au, kwa aliyejaaliwa, nyumba ya mwana huko Lavington au Kileleshwa. Karatasi ile haisemi ataogaje. Haisemi atapanda ngazi vipi, atatawadha vipi, wala saa zote zilizo baina ya alfajiri na isha atazipitisha katika jambo gani. Na siku za namna hiyo huenda zikawa thelathini, huenda zikawa mia tano. Ajuaye ni Mola.

Mwezi wa Julai 2019 nchi nzima ilizungumza habari ya saratani. Tarehe 1 alifariki Bob Collymore, mkuu wa Safaricom, nyumbani kwake Nairobi. Tarehe 26 akafariki Ken Okoth, mbunge wa Kibra, na siku tatu baadaye Joyce Laboso, gavana wa Bomet. Watu walijadili mashine, bajeti, na safari za matibabu ng'ambo, na mjadala ule ulikuwa wa haki. Lakini Collymore alikuwa amerejea kazini Julai 2018 baada ya miezi ya matibabu Uingereza, na alifanya kazi mpaka karibu na mwisho wake. Okoth aliwatangazia watu kwamba saratani yake imefika daraja ya nne, naye akabaki kuwa mbunge wao. Wachache walijiuliza siku za katikati ziliendeshwaje. Na mama wa Makina, palepale Kibra, mwenye ugonjwa uleule, anazo siku zizo hizo bila ya dereva wala katibu.

Katika kuwazuru wagonjwa kwenye mitaa ya magharibi ya jiji, jambo moja nimeliona nyumba baada ya nyumba. Jamaa, kwa mapenzi, humnyang'anya mgonjwa kazi zake zote. Anayenyanyuka huambiwa akae. Anayeshika kisu cha kukatia vitunguu hupokonywa. Chai humiminiwa, simu hupokelewa kwa niaba yake, na fedha za nyumba hukabidhiwa mtu mwingine kabla hajaulizwa. Mama mmoja wa makamo, mzaliwa wa Lamu, aliyeendesha nyumba kwa miaka arubaini, alikuwa baada ya majuma mawili ya ukarimu wa namna hiyo hajui leo ni Jumanne au Alhamisi, na hakuona haja ya kuuliza. Maradhi yalikuwa yamemwondolea nguvu za miguu. Hayo mengine tulimwondolea sisi watu wake.

Tuliosoma vyuoni tunayo kanuni ya jambo hili, ila hatuiingizi jikoni. Imran bin Huswein, sahaba, alikuwa na maradhi ya bawasiri, akamuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kuhusu sala. Akajibiwa kwamba asali kwa kusimama. Asipoweza, kwa kukaa. Asipoweza, kwa ubavu. Inapokewa kwamba Imran huyu baadaye aliishi miaka mingi huko Basra akiwa amelala kwa maradhi ya tumbo, na kitanda chake kikatobolewa tundu apate kujisaidia bila ya kushuka. Watu waliendelea kumwendea na kuchukua elimu kwake. Tazama alivyofanyiwa: sala haikuondolewa. Ilipunguzwa umbo, daraja kwa daraja, kufuata mwili ulivyopungua, na nyumba nayo ikabadilishwa imfuate mgonjwa. Kitanda kilichotobolewa tundu ndicho kile kiti cha choo ambacho leo twaona haya kukinunua.

Basi na tuifanyie kazi kanuni hii. Aliyekuwa akipika kwa kusimama, apike kwa kukaa. Asiyeweza kupika, achambue mchele. Asiyeweza kuchambua, aamue leo kunapikwa nini na tui liwe zito kiasi gani. Huyu wa mwisho bado yumo jikoni mwake.

Jambo la kwanza la kufahamu ni uchovu, kwa kuwa ndio unaowadhulumu wagonjwa kuliko wote. Uchovu wa saratani si uchovu wa kazi. Mtu hulala usiku mzima akaamka amechoka, na jamaa wakadhani amekata tamaa au ni mvivu. Yafaa kwanza daktari aulizwe, maana huenda sababu yake ni upungufu wa damu, au usingizi uliovurugwa na maumivu, na hayo yana dawa. Unaosalia hutumiwa kwa hesabu. Nairobi kila nyumba inajua kuishi na maji ya mtungi pale mfereji unapokauka siku nne: huwezi kufua mapazia ukabaki na maji ya kupikia. Nguvu za mgonjwa ni vivyo hivyo. Na ajulikane saa zake njema ni zipi, kwani kila mgonjwa anazo. Wengi huwa asubuhi baada ya dawa ya kwanza kushika. Saa hizo asipewe kuoga, kuvaa, kupanga kitanda na kupokea wageni kwa mfululizo, hata ikifika saa nne awe amekwisha. Aulizwe yeye jambo gani moja la leo analolitaka. Likiwa ni kumsomesha mjukuu juzuu yake, basi kuoga kungoje jioni.

Wala asilazwe moja kwa moja. Mwili usiotikiswa huzidi kudhoofu, na madaktari siku hizi huwahimiza hata wagonjwa wa daraja ya nne kutembea kidogo kila siku, kwa kadiri wawezavyo, walau kutoka kitandani hadi barazani na kurudi. Kutembea mara tatu kwa dakika tano ni bora kuliko mara moja kwa robo saa.

Vifaa vyenyewe si vya gharama. Kiti cha plastiki bafuni, ndoo juu ya stuli ili asiiname, na kata. Kitambaa kibichi kisichoteleza sakafuni. Dera au kanzu pana badala ya nguo zenye vifungo mgongoni. Kibao chetu cha mbuzi na vigoda vya jikoni ni vifupi mno, kwani aliyedhoofika magoti hukaa na asiinuke; atafutiwe stuli ndefu, na jiko liwe mezani. Kwenye ngazi za orofa, kiti kiwekwe katika kila kituo cha kugeukia, na majirani waombwe kutokiondoa. Nimeona jengo moja Kangemi ambamo wapangaji walifanya hivyo bila hata kuombwa mara ya pili.

Mwenye shida ya pumzi ainamishwe mbele kidogo, mikono juu ya meza au mito, na apepewe usoni, karibu na pua na mdomo. Upepo wa usoni hutuliza hisia ya kukosa hewa. Hili wataalamu wamelichunguza kwa vipepeo vidogo vya betri, na kipepeo chetu cha ukili chafanya kazi iyo hiyo. Ila tafadhali kiwe kipya, kisiwe kile cha jikoni chenye masizi.

Na simu asipokonywe. Mama yule wa Lamu niliyemtaja, binti yake alimrudishia simu na hesabu ya nyumba. Alikuwa hawezi kusimama zaidi ya dakika mbili, lakini aliagiza sukuma na nazi kwa simu, akalipa kwa M-Pesa, akamkemea muuza mkaa aliyepunguza debe. Wajukuu walianza tena kumwomba ruhusa ya kutoka. Hayo hayakumponya, na hakuna aliyesema yatamponya.

Lakini yote haya hayawezekani penye maumivu, na hapa nataka kukaa zaidi, kwa kuwa hapa ndipo watu wetu wanapoteseka bila ya sababu.

Mzee mmoja, mtu wa Malindi, alikuwa kwa mwanawe huko Kileleshwa na saratani iliyoingia kwenye uti wa mgongo. Hospitalini alikuwa ameandikiwa mofini ya maji. Chupa ilikaa juu ya kabati siku kumi na moja haijafunguliwa. Nduguye alikuwa amesema hiyo ni jamaa ya unga, na katika ukoo wao unga ulikuwa umekwisha kuwachukua vijana wawili. Hoja ile si ya kuchekwa. Nani katika sisi wa Mombasa, Malindi na Lamu ambaye hajazika au hajalia juu ya kijana wa namna hiyo? Hofu yetu ya jina hilo tumeipata makaburini. Wakati huo mzee alikuwa halali, hali, na hawezi hata kugeuzwa kuelekea kibla bila ya kupiga kelele. Nikaulizwa: ni halali au ni haramu?

Jibu halikuhitaji ijtihadi mpya. Wanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi walikwisha kuijadili tangu karne nyingi dawa inayoondoa fahamu, anapoihitaji mtu wa kukatwa kiungo kilichooza, na kauli iliyo sahihi zaidi kwao ni kuwa inaruhusiwa. Ikiwa hiyo yaondoa akili kabisa na imeruhusiwa, itakuwaje hii ambayo kwa kipimo cha daktari humwachia mgonjwa akili yake, ikamwondolea mateso? Mlevi hutafuta kuiacha dunia. Mgonjwa huyu anataka kurudi ndani yake, akae, ale, asali.

Na kwa upande wa utabibu, jamaa wayajue haya. Mofini ya maji hunywewa kila baada ya saa nne, kwa saa, si kwa kungoja maumivu yarudi. Daktari huanza na kipimo kidogo akakipandisha kwa kadiri ya maumivu. Siku mbili tatu za mwanzo huleta usingizi na kichefuchefu, kisha aghalabu hupungua; kufunga choo hakupungui, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo itolewe tangu siku ya kwanza. Kuipewa si ishara ya kifo, wala inapotumiwa kwa kipimo chake haimharakishi mtu kufa. Ni nadra mgonjwa wa saratani anayeinywa kwa maumivu, kwa kipimo cha daktari, kugeuka kuwa mtumwa wa unga, ingawa haifai kuikatiza ghafla. Na kwa kuwa majumba yetu tunayajua, chupa ifungiwe kwa ufunguo, na anayeitoa awe mmoja, akiandika saa kila mara.

Mzee yule alianza usiku wa Jumatano. Ijumaa alisali adhuhuri kwenye kiti. Jumamosi aliitisha daftari lake la madeni, akakaa na wanawe mpaka alasiri, nao wakatoka mle chumbani wakijua nani anadai nini huko Malindi. Ndugu aliyekataza ndiye aliyekuwa akiandika.

Elimu hii ina mahali pake Nairobi. Jirani na Hospitali ya Kenyatta ipo Nairobi Hospice, iliyofunguliwa 1990. Daktari wake wa kwanza, Anne Merriman, alikwenda Kampala 1993 akaanzisha Hospice Africa Uganda, na wote hao walifuata njia iliyofunguliwa London na Cicely Saunders katika nyumba ya St Christopher's, 1967. Watu hudhani ni mahali pa kwenda kufia. La. Wauguzi wake hufundisha jamaa, hupima maumivu, na huwafuata wagonjwa hadi majumbani. Mombasa nako kuna Coast Hospice, kwa wale wanaotaka kurudi kwao. Yafaa kuuliza mapema, siku ileile daktari anaposema ugonjwa umeenea, wala si katika juma la mwisho.

Ndugu zetu wa Tanzania huiita huduma hii tiba shufaa. Wapo wanaodhani ni kosa la herufi, kwamba ilikusudiwa shifaa, yaani uponyaji. Si kosa. Shufaa hutoka kwenye neno la Kiarabu lenye maana ya kufanya kimoja kuwa viwili, kama shafi na witri katika sala. Mwenye kumshufaia mtu ameongezeka upande wake, mtu hakubaki peke yake. Sijui ni nani aliyelichagua neno hili, lakini alichagua vyema.

Yapo mambo machache yasiyongoja tarehe ya kliniki. Maumivu mapya ya mgongo pamoja na miguu kulegea, ganzi ya mapajani, au kushindwa kuzuia au kutoa haja, huenda uti wa mgongo umebanwa: ni hospitali siku hiyohiyo, hata iwe usiku, kwani kuchelewa siku mbili kwaweza kumnyima miguu maisha yake yote. Homa ya nyuzi 38 na zaidi kwa aliye katika dawa za kemikali, vilevile. Na asiyeweza kujigeuza kitandani ageuzwe kila baada ya saa mbili, visigino na kiuno vitazamwe kila siku, kwani kidonda cha kulalia ni rahisi kuzuia na ni kigumu mno kuponya.

Katika ibada, nitataja yanayoulizwa sana. Mwenye mfuko wa choo tumboni au mpira wa mkojo husafisha awezavyo, akatawadha baada ya wakati kuingia, akasali. Kinachotoka bila ya hiari yake amesamehewa, wala asiache sala akidhani hana tohara. Mwenye bendeji hupangusa juu yake na, katika madhehebu yetu, hutayamamu pamoja na hayo. Kibakuli cha udongo safi wenye vumbi kiwe karibu na kitanda. Kuhusu kuchanganya adhuhuri na alasiri kwa ajili ya maradhi, kauli mashuhuri kwetu ni kukataza, lakini wapo wakubwa wa madhehebu walioruhusu, na Imam Nawawi ameipa kauli hiyo nguvu. Mgonjwa ambaye nguvu zake ni saa moja mchana mzima aichukue ruhusa hiyo bila ya dhiki. Saumu isiyotarajiwa kulipwa ina fidia, kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku. Nimeona wagonjwa wakikataa dawa za Ramadhani mchana. Na wakumbushwe kwamba aliyefaradhisha saumu ndiye aliyemtoa mgonjwa ndani yake.

Chakula kisigeuzwe kuwa vita. Mwili wenye saratani iliyoenea mara nyingi hautaki chakula, na kumlazimisha humletea kutapika na huzuni. Sahani ndogo, mara nyingi, vuguvugu au baridi kwa kuwa harufu yake ni hafifu: uji mwembamba, maziwa ya mgando, papai, mchuzi wa samaki vijiko vitatu. Akikataa, sahani iondolewe bila ya maneno.

Wageni ni rehema, na sisi watu wa pwani tunazidisha. Ijumaa, watu wakitoka kwenye sala pale Msikiti wa Jamia katikati ya jiji, gari tatu huelekea kwa mgonjwa mmoja, na watu kumi na wanne huketi mpaka maghribi wakisimuliana nani mwingine alikufa na ugonjwa huu. Kumzuru mgonjwa kwa muda mfupi ndiyo sunna. Waende wawili wawili, kwa siku tofauti, robo saa, kisha mmoja wao apandishe mitungi miwili ya maji orofani kabla ya kuondoka. Wala wasinong'one mlangoni. Mgonjwa aghalabu anajua, na anachosubiri ni mtu wa kumjibu anapouliza. Asiyeambiwa ukweli hanyimwi huzuni tu. Hunyimwa wasia, madeni, na maneno anayotaka kumwambia mkewe.

Limebaki la mwuguzaji, ambaye takriban kila mara ni binti au mke, na ambaye halali. Yeye ndiye anayeamka saa nane za usiku kutoa mofini, na saa kumi na mbili yuko jikoni. Katika nyumba moja Uthiru, karatasi ya zamu imebandikwa juu ya friji, saa za dawa upande mmoja na majina upande wa pili. Usiku wa Jumatano na wa Jumamosi yameandikwa majina ya wana wa kiume, mmoja anatoka kazini mjini na mwingine Ngong, na wanakuja.